Mahindi ya Bibi na Mbegu ya Hashishi

Jikoni kwa mama, huku Rungwe, mkoani Mbeya, mahindi ya mbegu hufungwa mawili mawili kwa maganda yake na kutundikwa juu ya mafiga. Yamekuwa meusi tii. Moshi huyakausha na kuwafukuza dumuzi. Ukimuuliza kwa nini asinunue tu ya duka la pembejeo, atakwambia ananunua, ila "za dukani ukizirudia mwakani hazirudi vile".

Chini ya mahindi hayo ndipo mpwa wangu, aliyekuja likizo kutoka Johannesburg, alipoanzisha mjadala. Kule, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa Septemba 2018 na sheria iliyosainiwa Mei 2024, mtu mzima anaruhusiwa kupanda bangi nyumbani kwa matumizi yake binafsi. Kuuza ndiko kumebaki kosa. Wako wanaosaka mbegu za kale za mbangi wa hashishi (utomvu wa bangi uliokandamizwa), ule mfupi wenye majani mapana na utomvu mwingi, asili yake Afghanistan na Pakistan, na kuzichanganya na mibangi mirefu ya kwetu kama ile ya Malawi. "Mjomba," akasema, "hiyo ina tofauti gani na mahindi ya bibi?"

Swali lake si la kipuuzi, na wanaolicheka hawajatazama Morocco. Milima ya Rif ilikuwa na mbegu yake ya wenyeji, beldia, iliyozoea ukame. Zikaja chotara za kigeni zenye mavuno mengi na kiu kubwa ya maji, beldia ikasukumwa pembeni. Nchi ilipohalalisha kilimo cha tiba na viwanda mwaka 2021, haikuchukua muda kugundua kwamba mbegu iliyodharauliwa ndiyo iliyofaa ardhi ile, na mwaka 2024 wakulima wenye leseni wakaanza kuipanda. Mwaka huohuo mfalme aliwasamehe zaidi ya wakulima 4,800 wa bangi. Jirani zetu wa Malawi walipitisha sheria yao mwaka 2020, lakini ada za leseni zikawa kubwa mno kwa mkulima mdogo, yule aliyeitunza mbegu miaka yote kwa kujificha. Kwa hiyo hoja kwamba mbegu ikipotea huwezi kuiagiza tena, na kwamba kampuni hufika baadaye kuvuna jasho la wengine, mimi naikubali.

Ninapoachana na mpwa wangu ni kwenye neno "kuhifadhi". Mbangi ni kama mpapai: kuna dume na kuna jike, na chavua ya dume husafirishwa na upepo, hata kilomita kadhaa. Mama hupanda mamia ya mashina ya mahindi na kuchagua mbegu kwenye magunzi mengi, na bado chotara la jirani humwingilia. Mwenye ndoo nne uani akichagua jike moja na dume moja, hajahifadhi aina. Amebakiza kipande chembamba cha aina hiyo. Akiuchanganya na wa Malawi, amezaa kitu kipya, kizuri pengine, lakini wazazi wote wawili hawamo tena. Wapenzi wa mbegu za kale hutumia maneno hayo mawili, kuhifadhi na kuchanganya, kana kwamba ni kazi moja. Ni kazi zinazopingana.

Halafu kuna suala la mahali. Mmea wa Afghanistan umezoea mchana wa kiangazi unaozidi saa 14, kisha siku zikifupika ndipo huchanua. Mbeya mchana hauendi mbali na saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mmea huo huchanua mapema, ungali mdogo. Maua yake yaliyoshikamana yaliumbwa kwa hewa kavu. Yalete kwenye ukungu na mvua za Tukuyu uone yatakavyooza. Ukichagua kizazi hadi kizazi utapata unaovumilia, ila huo utakuwa mnyakyusa, si mwafghanistan.

Afya nitaigusa kwa ufupi, ingawa si jambo dogo. Uchanganyaji wa miongo ya karibuni ulikimbilia ukali: bangi iliyokamatwa Marekani ilikuwa na wastani wa takriban asilimia 4 ya kilevi chake kikuu, THC, mwaka 1995, na takriban asilimia 12 mwaka 2014. Hapa watetezi wa mbegu za kale wana jambo, kwa kuwa hashishi ya zamani mara nyingi ilikuwa na kiasi kizuri cha CBD, kemikali isiyolevya. Lakini kijana wa Mwanjelwa anayepewa msokoto haulizi ukoo wake.

Na hapa kwetu kuna sheria. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haitofautishi mbangi wa kale na wa juzi, na kifungo cha miaka 30 kwa kulima si habari ngeni magazetini. Naiona adhabu hiyo ni nzito kupita kiasi kwa mkulima wa vijimashina vichache. Maoni yangu hayo hayamtoi mtu mahabusu. Kama taifa litaona mbegu hii ina thamani, kazi hiyo ni ya watafiti wenye kibali, watu wa aina ya TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, ambao maharage yao tunayala kila siku, wenye maghala na wanaojua kutenga mashamba yasichavushane. Kuitaka nyumba ya kawaida ibebe kazi hiyo ni kumpa mnyonge hasara yote na kumwachia mwingine faida.

Nilimuuliza mpwa wangu angepanda wapi. Akaonyesha nyuma ya migomba, pale penye kivuli kidogo. Shamba hilo lina hati, na jina lililoandikwa ni la bibi yake, mwenye miaka 71, aliyekuwa amekaa palepale akipukuchua mahindi.

"Mnasemaje kuhusu migomba yangu?" akauliza.

Hakuna aliyemjibu.