Karte ya elekteri yangu imebakia paka plastiki

Tarehe 20/12/2023 nilisimama ku mulolongo ya kuvota hapa Katuba, mu Lubumbashi, Kongo, tangu asubui, jua, mvua, jua tena, na bantu bengine mu inchi banavota mpaka kesho yake juu ya mamashini haikufika. Nikavota, nikarudia nyumba. Sawa.

Leo polisi ananisimamisha mu barabara, "mzee, leta kipande", namutolea karte ya elekteri, ile ya kuvotea, anaangalia, anageuza, anacheka. Sura yangu imefutika, jina imefutika, njo imebakia kivuli kama ya mushetani! Na sisi raia hatuna kipande ingine, hii karte njo kitambulisho, njo ya banki, njo ya kuchukulia makuta ku telefone. Inchi yenye imehesabu bantu bake mara ya mwisho mu 1984, sasa ata wino nayo inashindikana?

Lakini ile tiriko, shati ya kampanye (nilipewa moja, sikatae) nimefua mara ngapi sijue, sura ya depite, mubunge wetu, ingali inangaa tu, meno yote inaonekana. Kumbe wino ya muzuri iko! Yeye mwenyewe alienda Kinshasa, beko na viti 500 kule ku bunge, tangu pale ata salamu hapana. Barabara yetu iko mashimo, kuran ya umeme inapotea siku tatu, bibi anapikia bukari ku makala, na makamiyo ya shaba inapita paka kuelekea Kasumbalesa, ku mupaka ya Zambia.

Kesho narudi kuomba duplikata, karte ingine ya kubadirisha hii. Banasema kwanza nilete karte yenye inasomeka.