Silabi au sauti: darasa la kwanza lianzie wapi?

Mtoto wa darasa la kwanza anatarajiwa kujua kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuhesabu kuna ubishi wake. Hapa tubaki kwenye kusoma Kiswahili, ambako walimu wamegawanyika: wapo wanaoanza na silabi, "ba be bi bo bu", na wapo wanaoanza na sauti moja moja kisha kuziunganisha.

Upande wa sauti una hesabu nzuri. Kiswahili kina irabu 5. Konsonanti za herufi moja ni 18. Ongeza ch, dh, gh, ny, ng', sh na th, unapata 25. Mtoto ana sauti 30 za kujifunza, wakati silabi za konsonanti na irabu ni 125, na hapo mb, nd, kw na wenzake hawajaingia. Akijua a, i, m, s na k tu, tayari anasoma mama, kaka, sisi, kama, simama.

Kinachoharibu mbinu hii mara nyingi ni mpangilio mbaya. Ukianza na b au t, hakuna namna ya kuitamka bila kuibandikia irabu. Mwalimu anasema "bu" na "a", mtoto anaunganisha anapata "bua", na hajakosea. Anza na zinazovutika: mmmm-a, ssss-i. Nyingine zifuate mtoto akishashika maana ya kuunganisha.

Silabi nazo zina hoja ambayo watetezi wa sauti huipita haraka mno. Maneno ya Kiswahili ni marefu. "Hawajatuambia" lina herufi 13 lakini silabi 7: ha-wa-ja-tu-a-mbi-a. Anayesoma herufi kwa herufi, akifika mwisho ameshasahau mwanzo. Kwa hiyo hata aliyeanza na sauti lazima ahamie kwenye silabi, tena mapema.

Tatizo la silabi ni wimbo. Darasa linaimba safu nzima (wazazi wanafurahi sana), lakini ukigusa "bo" peke yake, mtoto anarudi kimoyomoyo hadi "ba" ndipo aipate. Huyo amekariri mpangilio tu. Kumpima ni rahisi: andika ubaoni "ke, bo, mi, tu" bila mpangilio, kisha maneno yasiyo na maana kama "mepu" au "kibosu", ambayo hawezi kuyakisia.

Pia jedwali la silabi halina "mti". Hapo m ni silabi peke yake, m-ti, na mtoto aliyezoea konsonanti kufuatwa na irabu anasoma "muti". Aliyefunzwa sauti hatatiziki sana hapo.

Kwa maoni yetu, sauti zitangulie, silabi zifuate baada ya wiki chache tu, na safu isiimbwe kwa mpangilio uleule siku mbili mfululizo. Herufi b na d zisifundishwe wiki moja: b huanza na mstari wa kushuka ndipo tumbo, d huanza na tumbo ndipo mstari. Mkono ukishazoea tofauti hiyo, jicho halichanganyi sana.

Kuna jambo moja ambalo mbinu zote mbili haziligusi. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, hivyo mtoto anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti bila kuelewa kitu, hasa kama nyumbani anazungumza lugha nyingine. Baada ya kila sentensi, muulize: nani? amefanya nini?

Kujua nani amekwama wapi, imla ya maneno matatu inatosha: kisu, mti, ngoma. Aliyeandika "muti" apige makofi kwa kila silabi, m-ti, makofi mawili, kabla ya kushika kalamu tena. Aliyeandika "goma" shida yake ni sikio: tamka goma na ngoma kwa zamu, aonyeshe ni lipi amesikia, ndipo aandike.