Wanachuo na maafa: tuwapeleke kwenye kifusi au kwenye mitaro?

Kila likitokea janga hapa Bongo lazima utamsikia mtu anasema hivi vyuo vinafanya nini, si watoe wanafunzi wakasaidie, vijana maelfu wana nguvu zao wamelala hosteli wanaangalia video za tukio kwenye simu. Nililisikia hilo kipindi cha maporomoko ya Hanang, nikalisikia tena ghorofa lilipoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024. Mi naona kuna ukweli ndani yake ila tunawapeleka sehemu siyo.

Wanaosema waende wana hoja, tusiwabeze. Kwenye majanga yetu wa kwanza kufika huwa sio wataalamu. Ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani pale Bukoba, Novemba 6, 2022, walioanza kuokoa ni wavuvi na mitumbwi yao, na kati ya watu 43 waliokuwemo 24 wakatoka hai. Kariakoo nako mwanzoni kabisa walioanza kuhangaika na zege ni wafanyabiashara na wapita njia. Sa mtu anauliza, kama mvuvi kaweza, huyu wa mwaka wa tatu uhandisi wa ujenzi anashindwa nini?

Anashindwa kwasababu hakuwepo. Mvuvi alikuwepo palepale, ana mtumbwi, na maji anayajua toka mtoto. Mwanachuo anasikia habari, anapanda mwendokasi, anafika mjini ameshakuwa mtu wa mia tatu kwenye umati, waokoaji wanaomba kimya wasikilize kama kuna sauti chini ya kifusi na yeye simu iko juu. Alafu kuna kitu wengi hatukijui, mtu akibanwa mguu na zege masaa mengi ukimnyanyulia ghafla bila kumwekea maji ya dripu anaweza kukufia mikononi, misuli iliyopondwa inamwaga sumu kwenye damu, figo zinagoma, moyo nao unasimama, na ulikuwa unafurahi umemtoa mzima. Mwanafunzi wa udaktari aliyefundishwa hayo chini ya mkubwa wake ana kazi pale. Anayesoma masoko akachangie damu, na hiyo sio kazi ndogo.

Hata misaada tuongee ukweli. Maporomoko ya tope kutoka mlima Hanang yalishuka Katesh Desemba 3, 2023, sehemu ya mlima ilikuwa na miamba dhaifu ikanyonya maji ya mvua mpaka ikaachia, wakafa watu zaidi ya 80. Chuoni kwetu tukaunda kamati ya kukusanya vitu, nami nilikuwemo. Katesh ni baridi, watu wanataka blanketi, gambuti, sufuria. Sisi tulipata maboksi ya jinzi na viatu vya mchuchumio, sitanii, vya mchuchumio, mtu akatembelee kwenye tope. Na vikakaa stoo wiki mbili kwasababu hakuna aliyefikiria mafuta ya gari nani analipa. Wakati huohuo ukumbini hamkosi mtoto wa kulekule anayesoma ustawi wa jamii na anaongea Kiiraqw au Kidatoga, mtu ambaye angekaa na bibi aliyepoteza familia yake wakaelewana, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Ila kinachoniamulia mimi ni ratiba. Mvua za vuli zinaanza Oktoba, vyuo ndo vinafungua. Masika ni Machi mpaka Mei, watu wako semista ya pili, UE, mtihani wa mwisho wa semista, inanukia, nani atakubali kupata supu, kufeli arudie mtihani, kwa ajili ya kuokoa? Fildi sasa, yani mafunzo kwa vitendo nje ya chuo, ni Julai mpaka Septemba, kiangazi, mabonde ya Dar makavu kabisa. Yani kalenda yenyewe inakwambia mwanachuo ni mtu wa kabla ya mvua.

Na sio ndoto, imeshafanyika. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria, Benki ya Dunia na COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, wakiwemo, uliwachukua wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa UDSM wakazunguka kata za Dar zinazofurika, Tandale ikiwemo, wakachora nyumba, njia na mitaro, kazi ikaingia kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaifungua bure. Kazi ya namna hii niliigusa fildi, ni ya jasho sio ya kompyuta. Unashika tepu unapima mtaro upana wa juu, wa chini, kina, umejengwa kwa mawe au udongo tu, umezibwa na nini (magodoro! sijui watu wanatupaje godoro). Alafu unamuuliza mama aliyekaa barazani maji yalifika wapi, anagusa kiuno, unaandika kiuno, mwenzako anakustua mbona mama mwenyewe mfupi, mnaenda kupima alama ya tope ukutani ndo mnapata sentimita za kweli.

Hapohapo ndo upande wa pili ulipo. Mzee mmoja alitukatalia kabisa, akasema nyie ndo mnakuja kupima alafu wanafuata wa kupiga X. Unamlaumuje, mwisho wa 2015 nyumba za bonde la Msimbazi ziliwekwa X nyekundu na zikavunjwa, na ramani ya kuokoa na ramani ya kuhamisha ni karatasi ileile. Mwanafunzi anayepima bila kumwambia mwenye nyumba data inaenda kwa nani anamdanganya. Tena ramani inachakaa, mtaro uliopimwa 2016 leo una kibanda cha chipsi juu yake, na mradi ukiisha hela imeisha.

Ndo maana mi naona idara moja ipewe kata moja, kila mwaka kundi jipya la fildi linarudi mitaro ileile, linarekebisha, maksi zinatoka humo, na karatasi inafika kwa kamati ya maafa ya mtaa kabla ya Oktoba. Kamati hizo zimo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, hatuanzishi kitu. Wa jiolojia waende kwenye milima kama Hanang, wa uuguzi wafundishe mtaa huduma ya kwanza.

Kuna watakaosema hiyo ni kufanyisha vijana kazi ya halmashauri bure, na hapo siwabishii. Mwenye mkopo ana hela ya fildi, lakini asiye na mkopo anatoka Mbagala mpaka Tandale kwa nauli ya nani, na akikanyaga msumari mtaroni anatibiwa kwa bima ipi? Chuo kisipojibu hayo kwa maandishi, akichagua fildi ya ofisini yenye feni mimi simlaumu.