Maegesho Nairobi: mwenye gari naye ana hoja

Kaunti ya Nairobi ikigusa tu ada ya kuegesha magari, lawama huwashukia wenye magari. Gari lenye mtu mmoja, tunaambiwa, linakalia ardhi ghali ya katikati ya jiji kutwa nzima. Kwa hiyo lilipiwe vilivyo, au mwenyewe aliache nje apande treni. Sibishi kwamba hoja hiyo ina uzito. Moi Avenue haina pa kupanuliwa tena, na abiria wa matatu, ambao ndio wengi, hukwama kwenye foleni wasiyoisababisha.

Ila kumchukulia mwenye gari kuwa mtu wa maringo ni kumwonea.

Mchukue mkazi wa Syokimau, kitongoji cha nje kidogo ya jiji. Stesheni yake ilifunguliwa Novemba 2012, ina uwanja wa kuegesha, na nia ilikuwa hiyo hiyo: acha gari, panda treni. Lakini ratiba imepangwa zaidi kwa watu wa asubuhi na jioni. Shule ikipiga simu saa sita mchana kwamba mtoto anaharisha, mzazi yuko mjini na gari liko Syokimau. Isitoshe, ofisi nyingi zimehamia Upper Hill na Westlands, na treni hiyo haimfikishi huko. Akishuka stesheni kuu bado anatafuta matatu au boda, na mvua ikianguka nauli inapanda papo hapo. Halafu mwaka 2022 serikali kuu ikamfungulia barabara ya kulipia ya kilomita 27, kutoka Mlolongo moja kwa moja hadi Westlands. Ni nani hapo aliyemwambia aje na gari?

Turudi kwenye ada yenyewe. Desemba 2013, enzi za Gavana Kidero, ilitoka Sh140 hadi Sh300, na baada ya panda shuka nyingi leo ni hiyo Sh300. Kiwango hakinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba ni ada ya kutwa. Aliyeegesha saa moja asubuhi akaondoka saa kumi na moja jioni analipa sawasawa na aliyesimama dakika kumi kununua dawa River Road. Akishalipa, hana sababu ya kuondoka mapema, kwa hiyo nafasi zinajaa kabla maduka hayajafunguliwa. Mteja anazunguka mtaa mara tatu akichoma mafuta na kuongeza foleni ile ile tunayoilalamikia, kisha anakata tamaa na kwenda kununua kwenye maduka makubwa ya pembeni mwa jiji. Ukiipandisha hadi Sh400, hesabu hiyo haibadiliki hata kidogo.

Mbona ada haitozwi kwa saa? Nadhani jibu liko kwenye Jedwali la Nne la katiba: maegesho ni ya kaunti, reli ni ya serikali kuu. Maegesho ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mapato ya City Hall, makao ya serikali ya kaunti. Ada ya saa ikimfanya mtu aliache gari Syokimau, kaunti imepoteza Sh300 na nauli imekwenda kwa Shirika la Reli. Haijulikani ni afisa gani wa kaunti atakayelifurahia hilo.

Kaunti ikianza kutoza kwa saa, na sehemu ya pesa hizo ikagharimia basi la kutoka stesheni kuu hadi Upper Hill mchana kutwa, nitaunga mkono hata ada ya juu kuliko ya sasa. Bila basi hilo, mkazi wa Syokimau ataendelea kuja na gari, alipe, na anune.