Faini ya Malaika

Wimbo wa Malaika una sifa nyingi, lakini sijasikia mtu akiusifu kwamba unapunguza mahari. Fikiria unachosema: kijana anampenda binti, angemuoa hata leo, ila mfukoni hakuna kitu na pesa zinamnyima usingizi. Basi, umeisha. Hakuna ubeti ambao kijana anapata kazi. Sasa wazee wetu wa Voi, kwa hekima zao, waliamua kwamba wimbo huohuo ndio utakaotufungulia mlango siku ya kwenda kumtolea mahari binti wa watu kule Marangu, Tanzania, kwa niaba ya binamu yangu.

Wazo lilikuwa la mshenga. Nalisema hili mapema kwa sababu kwenye ukoo habari imeanza kusimuliwa kana kwamba lilikuwa langu. Mimi nilitumwa kubeba spika. Mshenga wetu ni mwalimu mstaafu, mtu wa methali na kofia, na kwenye kikao cha maandalizi alijenga hoja yake hivi: aliyeufanya wimbo huu ujulikane ni Fadhili William, na jina lake la mwisho ni Mdawida, mtu wa kwetu Taita Taveta. Aliurekodi na bendi yake ya Jambo Boys mnamo 1960 hivi, na baada ya hapo dunia nzima ikaudandia. Kwa hiyo tukifika kwa wakwe tusijisifu kwa midomo yetu. Wimbo utatutambulisha.

"Utie kwenye flashi, mwanangu," akaniambia. "Na utie zote. Za wageni pia, waone umefika wapi."

Zote! Mzee hakujua anachoomba. Nilishusha mpaka bando likaisha, nikanunua jingine. Kuna wa Miriam Makeba na Harry Belafonte, uliomo kwenye ile albamu yao iliyopata tuzo ya Grammy mwaka 1966. Kuna wa Pete Seeger. Kuna wa vijana wa Sweden walioitwa Hep Stars, 1967, na mpiga kinanda wao alikuwa Benny Andersson kabla hajaenda kuanzisha ABBA na wenzake. Kuna wa Boney M wa 1981, kuna wa Angélique Kidjo wa Benin kwenye albamu yake ya 1991, na Usha Uthup wa India naye yumo. Hapo sijagusa bendi za hoteli za Diani na Malindi zinazowaimbia watalii katikati ya supu na samaki. Ukiniuliza mimi, hakuna aliyemfikia yule wa kwanza. Fadhili anaimba kama mtu ambaye kweli hana hela. Wengine wanaimba kama watu walioshalipwa.

Tukaondoka Voi alfajiri na matatu ya kukodi, Mwatate, Maktau, Taveta, tukagonga mihuri Holili, tukapinda Himo kupanda mlima. Njia nzima mshenga alikuwa akijifanyisha mazoezi ya kukohoa.

Upande wa pili msemaji alikuwa baba mkubwa wa binti, mzee mrefu mwenye koti zito na daftari dogo. Lile daftari nililiogopa tangu mwanzo. Hatujakalia hata viti, tayari lilikuwa na faini mbili: ya kuchelewa, na ya dereva wetu kuingiza gari kwa geti la nyuma kama anayeleta majani ya ng'ombe. Lakini mbege, ile pombe yao ya ndizi, ikaletwa, kata ikazunguka, watu wakalegea. Mshenga akasimama, akakohoa kile kikohozi cha Maktau, akaweka bahasha kwenye sinia na kuifunika kitambaa cheupe. Akanikonyeza. Nikabonyeza.

Gitaa lilipoanza, nakuambia, hata kuku walitulia. Bibi mzaa baba wa binti, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akaanza kutikisa kichwa polepole. Baba mkubwa akatabasamu, akanyoosha mkono kuichukua bahasha. Na ni hapo hapo, mkono ukiwa juu ya kitambaa, ndipo Fadhili alipofika pale pa kusema hana mali.

Mkono ukarudi.

"Zima," akasema baba mkubwa. Nikazima. "Rudisha nyuma kidogo." Nikarudisha. Fadhili akasema tena, na mara hii kwa ukimya uliokuwepo alisikika mpaka jikoni.

"Huyu anayeimba ni wa kwenu?"

Mshenga akavimba kifua. "Wa kwetu kabisa, mangi. Mdawida wa damu."

"Kwa hiyo mmetoka Voi na msemaji wenu, mkavuka mpaka naye, mkamwingiza nyumbani kwangu, aniambie kijana wenu hana kitu." Akaisukuma bahasha kwa kidole kimoja. "Na humu ndani mmeweka nini? Pole?"

Mshenga hakuwahi kujibu, maana mzee mmoja wa upande wao alidakia kwamba hata hivyo wimbo si wetu, ni wa Adam Salim, Mtanzania, aliyeutunga miaka ya arobaini akiwa Nairobi. Mshenga akasahau tumefuata nini. Alianza kubisha kwa kidole cha darasani. Na kama hilo halitoshi, shemeji yetu wa Mombasa, aliyekuwa hajasema neno tangu Taveta, akaomba radhi kwa adabu zote na kutufahamisha kwamba kwao kila mtu anajua Malaika ni wimbo wa Lucas Tututu. Ubishi huo ni wa miaka mingi na umewashinda watu waliosoma. Sisi tulitaka kuumaliza kabla ya chakula cha mchana.

Baba mkubwa akawasikiliza wote watatu, akafungua daftari.

"Hamna mali," akasema akiandika, "halafu mnachukua na ya wenzenu. Hizo ni mbili."

"Badilisha!" mshenga akaninong'oneza, jasho likimtiririka chini ya kofia. "Weka ya ng'ambo!"

Nikaweka Makeba na Belafonte. Baba mkubwa akainamisha sikio.

"Huyu mama naye anaoa?"

"Ni wimbo tu, mzee."

"Shh." Akasubiri. Pakafika pale pale. "Naye hana?"

"Mzee, albamu hiyo ilipata Grammy," nikasema ili kuokoa jahazi.

"Kapewa tuzo na bado hana! Andika," akajiambia mwenyewe, akaandika.

Nikaruka mbele, wakaja Hep Stars. Hawa wa wapi? Wa Sweden, mzee. Akawageukia ndugu zake kwa huzuni ya kweli: "Hata Sweden hakuna aliyepata." Nikaeleza kwamba huyo wa kinanda baadaye alikuja kutajirika sana na ABBA. Akaniuliza kwa nini basi hakurudi kumalizia.

Nikakimbilia Boney M, nikiamini kwamba kwenye disko hakuna anayesikiliza maneno. Na nusura nifaulu. Wasichana wa jikoni walitoka na miko mikononi wakicheza, mjomba mmoja akatikisa bega, hata kalamu ya baba mkubwa ilikuwa ikigonga daftari kwa mdundo. Kumbe dereva wetu, aliyekuwa nje akifuta vioo, anaupenda wimbo huu toka rohoni. Ilipofika pale, alipaza sauti kwa nguvu zote kwamba yeye hana mali.

Faini ilipojumlishwa ikasomwa: laki tatu na nusu. Mjomba wetu wa mwisho kwa umri alitoa sauti kama ya puto. Ndipo mtu akamkumbusha kwamba hizo ni shilingi za Tanzania, na kwamba moja ya kwetu inabadilishwa kwa karibu ishirini za kwao. Mjomba akahesabu kwa vidole, akapumua, akacheka kwa sauti, na kumpiga baba mkubwa begani.

Baba mkubwa akamtazama. "Nilimaanisha za Kenya," akasema.

Wakati huo kijana mmoja wa nyumba ile, shemeji mtarajiwa mwenye huruma, alinivuta pembeni akanionyesha mstari wa mimea mpakani mwa shamba. "Yale ni masale. Kata jani, mshenga wenu ampelekee mzee. Kwetu ukiombwa msamaha kwa isale hukatai." Nikakata. Mshenga akalipokea kwa mikono miwili, akavua kofia, akaenda kulitoa kwa heshima ambayo sijawahi kumwona nayo, na baraza zima likanyamaza. Baba mkubwa akalipokea.

"Nimesamehe," akasema. "Kosa limekwisha kabisa, wala sitalikumbuka. Sasa tuendelee na faini."

Aliyetuokoa ni bibi. Alikuwa ananiita kwa mkono muda mrefu, mimi nikidhani anataka spika izimwe. Nikaenda, nikainama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Weka ile ya kwanza, mjukuu wangu. Huyo wa mwanzo."

Nikamtazama mshenga, naye akatazama mbinguni. Nikaweka. Bibi akausikiliza mpaka mwisho, akipiga goti kwa kiganja, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Wimbo huu babu yenu ndio alionipata nao. Aliniimbia sokoni Himo, mikono mitupu, nikacheka, nikakubali. Na yule mbuzi wa mama yangu sijamwona mpaka leo."

Vichwa vyote vikageuka kwenye kona alikokuwa babu na kata yake. Tulidhani amelala.

"Nilisema mwenyewe kuwa sina mali," babu akajibu bila kufungua macho. "Alisikia. Sikumdanganya mtu."

Hapo mshenga akafufuka. Akavaa kofia, akaivua tena ili iwe na uzito, akatangaza kwamba kwetu Udawidani nyumba yenye deni la mahari haipokei mahari mpaka ilimalize. Mila hiyo mimi sijawahi kuisikia popote, na nina hakika aliitunga pale pale akiwa amesimama, lakini aliitamka taratibu, na wanawake wa upande wao wakaiunga mkono kwa vigelegele. Baba mkubwa alijikuta ameshika daftari la kututoza sisi huku mama yake mzazi akimdai baba yake mzazi mbuzi. Wakaenda nyuma ya zizi kushauriana. Walikaa huko muda mrefu, na tulisikia jina la babu likitajwa mara nyingi.

Waliporudi faini ilikuwa imegeuka mbuzi mmoja, wa bibi, atakayenunuliwa na sisi. Mshenga akakubali kabla sentensi haijaisha. Bahasha ikafunguliwa, ikahesabiwa, ikapungua kidogo kama ilivyo ada, salio likapangiwa tarehe. Yote yakaandikwa na kutiwa sahihi pande zote mbili, na kifungu cha mwisho, kwa mwandiko wa baba mkubwa mwenyewe, kilisema kwamba wimbo unaoitwa Malaika, uwe wa nani na wa nchi yoyote, hautaimbwa wala kupigwa kwa mashine kwenye harusi hii mpaka salio limalizike.

Harusi ikafika, salio bado lipo. Maharusi walipotoka kanisani wakapokelewa na kundi la matarumbeta lililokodiwa na upande wa binti, ambalo hakuna aliyelisomea kifungu. Likapiga nini? Nilimtafuta mshenga kwa macho, nikamkuta tayari yuko kwa baba mkubwa akimweleza kwamba kisheria matarumbeta hayajatamka neno.

Hilo lilikuwa kweli. Maneno yalikuwa ya wageni. Uwanja mzima wa kanisa uliimba, Wachaga na Wadawida na shemeji wa Mombasa, na walipofika pale pa mali wote walinyoosha mikono juu kuonyesha kwamba haina kitu. Dereva wetu alikuwa amepanda juu ya boneti. Baba mkubwa akatoa daftari kwenye koti, akalifungua ukurasa mpya, akaangaza umati wote akitafuta aanzie wapi.

Akaanza na babu.