Kupinda kwa Sauti Kunasingiziwa

Wanaopima kelele za mabawa na propela wamegawanyika kuhusu handaki la upepo, yaani mtambo unaopuliza hewa juu ya kifaa kinachopimwa: mkondo wa hewa hiyo uachwe wazi na maikrofoni zikae nje kwenye hewa tulivu, au uzungushiwe kuta? Shtaka dhidi ya mkondo wazi ni kwamba sauti ikivuka ukingo wake, pale hewa inayokwenda inapokutana na hewa tulivu, hupinda na kutawanyika. Ni kweli, ila hayo ni makosa mawili yanayohukumiwa kama moja.

Kupinda, Kisumu tunakujua. Upepo wa ziwa alasiri huwa hafifu karibu na ardhi na mkali zaidi juu, basi sauti ya spika inayoukabili huinuliwa angani na aliye ufuoni huisikia kwa shida. Handakini jambo hilo lina hesabu yake. Hewa ikienda mita 60 kwa sekunde, na ukingo ukiwa mita 1 kutoka kwenye bawa, sauti inayotoka kwa nyuzi 90 na uelekeo wa upepo huufikia baada ya milisekunde 2.9, ikiwa imeshachukuliwa na upepo sentimita 17. Usiporekebisha, vipimo vitaonyesha kelele ikitoka mahali pasipo na kitu. Lakini kanuni za mtafiti Roy Amiet za miaka ya 1970 husahihisha pembe na nguvu ya sauti, na bado zinatumika. Epuka tu kuweka maikrofoni ndani ya nyuzi 32 hivi za uelekeo wa upepo. Kwa kasi hiyo, miale ya sauti haifiki huko.

Kutawanyika ndiko kwenye matata. Ukingo hunenepa kadiri unavyouacha mdomo wa handaki, na umejaa mizunguko ya hewa. Mlio mkali wa masafa mamoja (mitetemo kwa sekunde) ukipita humo, kilele chake kwenye grafu hushuka kikawa kichuguu. Kadiri kasi na masafa yanavyopanda, ndivyo hali inavyozidi, na hakuna kanuni rahisi ya kuurudisha. Hapo kuta za kitambaa cha Kevlar, kinachozuia mkondo lakini hupitisha sauti, kama za chuo cha Virginia Tech kule Marekani, zina haki yao, ingawa kitambaa nacho hupunguza masafa ya juu na hujipinda kikisukumwa na hewa.

Sasa chukua karakana ya Kisumu au Nakuru inayopima propela ya droni. Mdomo wa sentimita 40, hewa mita 15 kwa sekunde: toka katikati hadi ukingoni sauti husogezwa chini ya sentimita 1. Propela ya mapanga mawili ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hutoa mlio mkuu wa hetzi 200, wimbi la mita 1.7, refu mno kusumbuliwa na ukingo wa sentimita chache. Kumtuma mtu huyu akatafute Kevlar ni kumfilisi bure. Adui yake ni chumba: sponji ya sentimita 5 karibu haifanyi lolote kwa hetzi 200, panatakiwa kina cha karibu robo ya wimbi, yaani sentimita 43. Wa pili ni feni yake mwenyewe. Apime kwanza bila propela kwa kasi ileile. Propela ikiongeza chini ya desibeli 3, kipimo hicho akitupe.