Baraza Limedai Talaka

Ukisikia mtu amehamia kwake, usimpe hongera, mpe pole. Mimi niko huku Goba, Dar es Salaam, na baraza langu limeachana na nyumba. Sisemi nyufa. Nyufa tulishazizoea, fundi alituambia eti "hiyo plasta inapumua, bosi." Sasa kati ya baraza na ukuta kuna mwanya unaomeza sarafu ya shilingi 200. Mjusi amehamia humo na familia yake, kodi halipi. Mwanangu Zawadi akiweka mpira mlangoni unajiendea wenyewe hadi kona ya kushoto. Mgeni naye chai yake aishike mkononi, akiiweka chini shauri yake.

Ndani ndiko kuna vituko. Usawa wa kifundo cha mguu, rangi inabanduka magamba, nyuma yake unga mweupe wa chumvi. Ukipitisha kidole tu, unamwagika. Jamvi, lile zege la sakafuni, lilimwagwa bila nailoni chini yake, kwa hiyo maji yanapanda taratibu kwenye tofali. Mama Zawadi alisogeza kochi kuficha aibu. Kochi likaota ukungu.

Mafundi nao! Kila anayekuja anaanza kwa kusonya. Anaweka mikono kiunoni, anatikisa kichwa: "Nani alikujengea hapa?" Wa juzi aligonga sakafu kwa mpini wa nyundo. Du, du, du, halafu kona ile: to! Akasonya ile ndefu. "Bosi, chini hapa patupu. Kifusi hakikushindiliwa. Huyo fundi alikuibia."

Nikamwambia, "Ulikuwa wewe."

Hakupepesa hata jicho. "Aa! Basi hela ya kushindilia hukutoa."

Hela ya kushindilia! Kifusi kinatakiwa kiwekwe tabaka jembamba, kimwagiwe maji, kishindiliwe, ndipo tabaka lingine lifuate. Changu lori lilikibwaga chote kwa mkupuo, vijana wakaruka juu yake wakicheza singeli, zege likafuata jioni ile ile.

Tangu hapo dawa ni moja: simenti kwenye ufa. Ukiziba hapa, unafunguka pale. Kumbe maradhi yako juu ya bati. Piga hesabu mwenyewe: paa la mita za mraba 100, ikinyesha mvua ya milimita 50, hizo ni lita 5,000. Sina gata, ile mifereji ya kukinga maji ya paa. Na kwa jinsi paa lilivyokunjwa, sehemu kubwa ya maji hayo inatua kwenye ile kona, inapenya chini ya baraza na kuondoka na kifusi kidogo kidogo. Masika moja tu inatosha kukuachia pango.

Basi tumekubaliana: gata zifungwe, nje pazungushiwe zege lenye mteremko wa kuyafukuza maji ukutani, baraza livunjwe, chini pashindiliwe kwa mashine (si kwa singeli), limwagwe upya. Fundi akasisitiza lazima zege limwagiliwe siku 7, lisikauke haraka likapasuka. Nikamuuliza nitalimwagilia kwa maji gani, maana mtaani kwetu maji ya bomba ni ya mgawo. Chini ya nyumba yangu yapo saa 24, bombani ni hewa tupu. Nikifungua, bomba linanikoholea.

Mama Zawadi ndiye aliyetoa wazo la maana: tununue tangi la lita 2,000, maji ya gata yaingie humo, ya kufulia yapatikane na ya kumwagilia zege yapatikane. Nikaona hapa nimeoa. Fundi naye akafurahi, akaokota kipande cha mkaa kupima pa kuliweka.

Nimetoka kuaga wageni, nakuta duara kubwa jeusi limechorwa kwenye baraza. Ile ile kona ya kushoto. Tani mbili za maji! Namuuliza, ananijibu, "Bosi, hapa ndipo maji yanapopapenda."